Jiwe Lina Tumbo

Bustani ya mama ilinyamaza miaka kumi na tisa.
Ziwa Kisiba likawa la kuchungulia tu,
kama mtoto wa jirani nyuma ya pazia.
Mabingobingo yalisimama palipokuwa na vitunguu,
matete yalipanda kutoka majini bila hodi,
na mparachichi, mgongo umeupinda,
ukawa unazaa kwa ajili ya ngedere.

Kaka yangu Lusajo alipiga simu kutoka Uyole:
"Mwaga zege. Panga bloki. Simamisha kibanda cha bati jekundu.
Wageni watalipa."
Nikamwambia nitafikiri.
Sikufikiri. Nilienda kumtafuta Ambakisye.

Ambakisye Mwaisumo hana futi wala pima maji.
Ana nyundo moja
na sikio.
Huligonga jiwe, halafu hulisubiri lijibu.
Likisema *ti*, huliacha lilale.
Likisema *ngo*, hulibeba.
"Jiwe lina tumbo, lina mgongo," aliniambia siku ya kwanza.
"Ukililaza chali litawasumbua hata wajukuu.
Lilaze kifudifudi, tumbo liujue udongo."

Hatukununua hata moja.
Tuliyaokota kijitoni, tukayang'oa shambani kwa mama Tumwitikege
aliyetushukuru kwa mkungu wa ndizi,
kwani jembe lake lilikuwa limeshachoka kung'oka meno.
Mawe meusi, yenye vitundu vitundu,
mlima uliyatapika zamani, kabla mtu hajaupa jina.

Kisha mvua.
Huku Rungwe hatuna masika na kiangazi,
tuna mvua, na mvua iliyokaa kupumzika.
Tulifanya kazi ilipopumzika.

Wiki ya tatu panga la binti yangu Subilaga
lilizama kwenye mizizi ya matete, likagota:
*ngo*.
Akafyeka kushoto. *Ngo*. Akafyeka chini yake.
Ngazi.
Tulizihesabu saba, zikiteremka kwenda majini,
na ya nane tuliihisi kwa vidole vya miguu.

Ambakisye akachuchumaa.
Akapitisha kiganja ubavuni mwa kila jiwe,
polepole, kama mtu anayesoma barua isiyo yake.
"Yote kifudifudi," akasema. "Nani huyu fundi?"

Mama.
Mama ambaye hakurudi kijitoni mikono mitupu,
nasi watoto tukacheka: ana miguu mingapi
ya kusugua kwa mawe yote hayo?

Siku hiyo hatukujenga tena.
Tulikaa kwenye matope tukala parachichi kwa chumvi.

Sasa kuna baraza, mawe yamefuata mkunjo wa mteremko.
Kuna meko ya nje, kwa ajili ya Julai,
ukungu unaposhuka kunywa ziwani na kusahau kurudi.
Kati ya jiwe na jiwe tumeacha nafasi ya kidole:
humo minanaa imeingia, na majani nisiyoyapanda,
ambayo nimechoka kuyauliza yametoka wapi.

Lusajo alikuja Jumamosi na mfuko mmoja wa saruji kwenye buti ya gari.
Aliketi karibu na moto. Jiwe lilikuwa baridi,
halafu halikuwa baridi.
Tukapika ndizi kwa maziwa, tukala kutoka sufuriani.
Kuhusu wageni hakusema kitu.
Mfuko ule bado uko ghalani, umeganda,
umekuwa jiwe lisilo na tumbo wala mgongo.

Ngazi ya tano inacheza.
Nilimwomba Ambakisye aitulize, akakataa:
"Aliyeilaza aliisikia. Mwachie."

Basi usiku, taa ikishazimwa,
nikisikia *ngo* kule chini
najua kuna mtu anateremka majini.
Namhesabu Lusajo, anakoroma.
Namhesabu Subilaga, amejifunika hadi kichwani.
Naishia hapo kuhesabu.